Sisi Watoto wa Rijekti

Enzi zetu, msichana hakuhesabiwa kuwa amependeza mpaka mtu mzima ashike pindo la kitenge chake, alisugue kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha atoe hukumu. Akisema "hiki kitadumu," basi umependeza. Akiguna, hata ungekuwa na sura nzuri namna gani, ulirudi nyumbani umenuna. Siku hizi napita sokoni Tunduma nawaona mabinti wamevaa vitenge vinavyong'aa, mabega yameshonwa yakasimama juu, na mkono wangu unawasha. Kwa kawaida najizuia. Juzi sikuweza, nikamshika mmoja pindo kwenye foleni ya benki. Alinitazama macho ya kumwona kibaka. Nilimwomba radhi kwa mdomo, ila moyoni nilisema: mwanangu, ulichovaa ni karatasi.

Wenzangu mliokulia kwenye kota za kiwanda cha nguo mtanielewa. Wengine mtanivumilia, maana nina dharau na sioni sababu ya kuificha.

Mji wetu ulikuwa mbali kidogo na mpaka wa Zambia, safari ya saa chache kwa basi, na uliishi kwa king'ora. King'ora kikilia asubuhi, zamu ya usiku inatoka na zamu ya mchana inaingia. Hakuna aliyekuwa na haja ya saa ya ukutani. Uji ulibandikwa kwa king'ora, watoto waliogeshwa kwa king'ora, na tulikuwa na mwalimu wa hesabu ambaye aliweka chaki chini katikati ya mgawanyo kikilia cha saa nane, akatuachia jibu tulitafute wenyewe. Waliofanya kazi idara ya kusokota walirudi nyumbani na nywele nyeupe kwa vumbi la pamba. Tulipokuwa wadogo sana tuliamini kwamba kila mtu mzima huzeeka akiwa kazini na kurudia ujana akishaoga. Walikuwa wakikohoa pia, lakini kukohoa hakukuwa habari ya kumsimulia mtu.

Kiwanda kilikuwa na timu ya mpira, kilikuwa na bendi, kilikuwa na kantini iliyopika makande yenye maharage mengi kuliko mahindi. Sikukuu ya wafanyakazi lori lilipita barabara kuu likiwa limebeba mashine moja ya kufuma, na juu yake baba yangu, fundi wa mashine hizo, akiiendesha kwa mkono huku kitambaa kikitoka kweli, sentimita kwa sentimita, mbele ya umati. Nilikimbia nyuma ya lori lile mpaka viatu vikakatika. Nilipofika mwisho wa barabara nilikuwa na hakika kwamba baba yangu ndiye anayeivalisha nchi.

Mama alikuwa mkaguzi. Kazi yake ilikuwa kusimama kwenye meza ya kioo yenye taa chini, kitambaa kikipita juu yake bila kusimama, na yeye kidole gumba kikiwa juu ya pindo. Akiona uzi umeruka, au ua limechapwa likapinda, au doa la mafuta, alichoma sindano haraka na kuacha kipande cha uzi mwekundu kikining'inia pindoni, usawa wa kasoro. Basi. Hakuandika, hakusema. Yeyote aliyelipokea lile jora mbele, mkataji au muuza duka, alihesabu nyuzi nyekundu na kujua alichonacho mkononi. Kiwanda kizima kiliheshimu uzi ule. Meneja mwenyewe hakuthubutu kuung'oa.

Majora yenye nyuzi nyingi yaliitwa rijekti, na rijekti iliuzwa kwa wafanyakazi kwa bei ya kutupa. Kwa hiyo sisi watoto wa kota tulivaa kasoro kuanzia chupi mpaka sare ya kanisani. Nilikuwa na gauni la maua ambalo ua moja, pale tumboni, lilikuwa limekatika nusu na nusu nyingine ikatokea mgongoni. Watoto wa mjini walitucheka. Nasi tuliwacheka zaidi, kwa sababu mama zetu hawakuziondoa zile nyuzi nyekundu, na mwenye nyuzi nyingi pindoni ndiye aliyekuwa mkubwa wa kikundi. Tulikuwa na mchezo wetu tuliouita ukaguzi: unafungwa macho, unapewa vitambaa vitano, unavisugua kwa kidole, shavuni, wakati mwingine unavionja kwa ulimi, kisha unasema ni cha nani na kina kasoro wapi. Aliyekosea aliteka maji ya wenzake. Nilipofika darasa la tatu nilikuwa sijateka maji ya mtu kwa muda mrefu. Watoto wa leo wanaweza kukutajia aina ishirini za simu kwa mlio tu, lakini mpe shati lake mwenyewe gizani, hajui lina vifungo vingapi.

Hata hivyo tusidanganyane. Naona mnavyotumiana picha za lile geti la kiwanda kwenye makundi ya simu, mnaandika "enzi hizo!" na vikatuni vya machozi. Mimi ninakumbuka mwaka ambao rangi ziliisha ikabaki kahawia peke yake, na mji mzima, wachungaji, walevi, mabibi harusi, tukavaa kahawia mpaka mvua zilizofuata. Ninakumbuka vipuri vya kuokoteza, baba akifunga mashine kwa mpira wa baiskeli. Kiwanda chetu kilikuwa mgonjwa muda mrefu, na sisi tulikuwa tunapiga muziki sebuleni.

Kisha ikaja ruksa ya biashara huria. Nguo za mitumba zikaingia kwa marobota, na vitambaa vya nje vikafuata, vyepesi, vina rangi za kuumiza macho, bei yake ikamfanya hata mke wa meneja avinunue kwa siri. Idara moja ikafungwa, nyingine ikafuata. Wafanyakazi wakaambiwa wasubiri. Na sasa mnisikilize vizuri, kwa sababu hili hamliandiki kwenye makundi yenu: mlinzi wa king'ora hakuna aliyemwambia aache. Mitambo ilikuwa imelala, milango ina makufuli, lakini kila asubuhi king'ora kililia, na kila asubuhi wazazi wetu waliamka, wakavaa ovaroli, wakaenda kusimama getini. Walisimama pale wakisalimiana na kuulizana habari za jana, halafu wakarudi. Miezi mizima. Siku mlinzi alipochoka naye akaondoka kwenda kwao, shule nzima tulichelewa, walimu wakiwamo, na hakuna aliyechapwa.

Baba aliturudisha kwao Ibaba, juu kule Ileje, kwenye ukungu na viazi. Alipalilia viazi akiwa na ovaroli yenye nembo ya kiwanda mgongoni, ili barua ya kuitwa kazini ikifika asipoteze muda kubadilisha nguo. Nilikuwa namwonea huruma. Nilipokua kidogo nikaanza kumdharau, na sasa nimefika umri wake nimerudi kwenye huruma, ingawa dharau haijaisha yote.

Mama hakusubiri barua. Alichukua majora machache aliyokuwa ameyaweka, akanichukua na mimi, tukateremka Tunduma. Alipata meza sokoni, karibu na mpaka, mahali ambapo vumbi la malori lilikuwa chakula cha kwanza cha siku. Nilipenda Tunduma tangu saa ya kwanza. Watu walisalimiana lugha tatu kwa pumzi moja, mikate ya Zambia ilinukia mpaka barabarani, na hakuna aliyekuwa anasubiri kitu chochote kitoke serikalini. Niliandikishwa shule pale, nikawa nashika nafasi za juu, na mwalimu mkuu akamwambia mama kwamba mtoto huyu mkimwacha atulie atafaulu.

Majora ya kiwanda yaliisha upesi, yalikuwa machache. Baada ya hapo mama akawa anachukua vitenge kwa mfanyabiashara mmoja wa upande wa pili wa mpaka, Nakonde, jina lake Ba Kasonde, mtu mnene, mcheshi, aliyevaa koti la suti hata jua likiwa kali. Na hapo ndipo matatizo yetu yalipoanza. Siku ya kwanza mama alipofungua mzigo wa Ba Kasonde, alikaa kwenye kigoda, akaweka kidole gumba pindoni, akapitisha kitambaa chote, kipande baada ya kipande. Kisha akatoa sindano. Alipomaliza, meza yetu ilikuwa inaning'inia nyuzi nyekundu kila upande.

"Mama Enesi," Dada Zaina akamwita. Huyu alikuwa jirani yetu wa meza, anauza vyombo vya plastiki, na mdomo wake haukuwa na likizo. "Hivi wewe unauza au unashitaki?"

Wateja walikuja, wakashika kitambaa, wakaona uzi. "Huu wa nini?" Mama akajibu alivyokuwa akijibu miaka yote: "Hapo pana kasoro. Uzi umeruka." Mteja akaweka chini, akaenda meza ya tatu kununua kitenge kilekile, kutoka kwa Ba Kasonde yuleyule, chenye kasoro ileile, ila hakina uzi. Wengine hawakuuliza kabisa. Ikaanza kusemwa kwamba yule mama wa kutoka Ileje anafunga dawa kwenye nguo zake ili kuvuta wateja. Nilimwona kwa macho yangu mama mmoja akikiachia kitenge ghafla na kujifuta mkono kwenye ukuta. Fikirini hilo. Katika soko zima lililojaa nguo za udanganyifu, aliyekuwa anasema ukweli ndiye aliyeonekana mchawi.

Nilimsihi aache. Alinitazama kwa mshangao mtupu, ungedhani nimemwomba aende sokoni bila nguo. "Sasa mtu atajuaje?" aliuliza. Mama hakuwa msemaji, hilo mlijue. Hakuwa mtu wa kumfuata mteja na kumweleza. Uzi ndio uliokuwa mdomo wake. Akiulizwa atajibu, asipoulizwa atafunga mzigo na kukupa. Kiwandani hilo lilitosha, kwa sababu kila mtu alijua kusoma uzi. Kosa lake lilikuwa kudhani kwamba kiwanda kimefungwa lakini watu wake ndio nchi nzima.

Tulianza kula ugali na chumvi. Nilipoingia darasa la saba, mama alisema neno moja jioni tukiwa tunakunja mzigo: meza isipoanza kuuza mpaka Pasaka, tunarudi Ibaba kwa baba. Alisema polepole, bila kunitazama. Mimi nilielewa maana yake yote. Nilikuwa nimeandikishwa kufanya mtihani Tunduma, na nikiondoka katikati ya mwaka mtihani umenipita, na kule juu nilijua wasichana wa rika langu walikuwa wanafanya nini. Walikuwa wanapalilia viazi wakisubiri kuposwa.

Ndipo ikaja kwaya. Kwaya ya akina mama wa kanisa letu ilikuwa inataka sare mpya ya Pasaka, na mwenyekiti wao, Mama Leya, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuamsha wagonjwa, alimhurumia mama. Akampa yeye kazi ya kuleta vitenge. Vipande arobaini, vya rangi ya bluu iliyokolea, rangi aliyoichagua mwenyewe kwenye sampuli ya Ba Kasonde. Nililia kwa furaha nyuma ya meza. Dada Zaina alinipa sahani ya plastiki bure, jambo ambalo hakulirudia tena maishani mwake.

Mzigo ulifika wiki tatu kabla ya Pasaka. Mama alichukua kona ya kipande cha kwanza, akaitia mdomoni, akainyonya kidogo, kisha akaibana kwenye leso nyeupe. Leso ikawa bluu. Akajaribu cha pili, cha tatu, cha kumi. Vyote vilikuwa vinachuja. Alitoa sindano, akakaa mchana kutwa akichoma uzi mmoja mwekundu kwenye kila pindo, nyuzi arobaini, ulimi wake ukiwa bluu.

Kesho yake alivuka kwenda Nakonde kumwomba Ba Kasonde abadilishe. Mama Leya alikuwa aje kuchukua mzigo alasiri hiyohiyo, na mafundi walikuwa wanasubiri na cherehani zao. Nilibaki mezani peke yangu, shule ilikuwa imefungwa. Nilizitazama nyuzi zile. Nilijua Mama Leya akiziona atauliza, na akiuliza mama atajibu, na akijibu sare zitanunuliwa meza ya tatu, na mimi nitapanda basi la Ileje. Nilikuwa na wembe wa kuchongea penseli. Nilikata nyuzi zote arobaini, nikazivuta zikatoka nzima, nikazikunja mkononi na kuzitupa kwenye mtaro. Haikunichukua muda mrefu. Nilikuwa mtoto wa mkaguzi, na vidole vyangu vilikuwa vyepesi.

Mama alirudi na vumbi mpaka kwenye kope. Ba Kasonde alikuwa amecheka. "Bamayo," alimwambia, ndiyo "mama" kwa lugha yao, "chitenge ni ya kuvaa, si ya kufua." Mama alikuwa bado anatusimulia hilo mimi na Dada Zaina pale Mama Leya alipofika na wenzake wawili, wamechangamka, wanaimba nusu. Mama akaanza kuwakabidhi. Alichukua kipande kimoja kimoja, akakikunja tena vizuri, kidole gumba kikipita pindoni, desturi yake. Kwenye kipande cha kwanza alisimama. Alinitazama.

"Umekula?" akaniuliza.

Nikasema nimekula. Akaendelea kukunja. Mama Leya hakuuliza kitu, maana hakukuwa na cha kuuliza, na vitenge vyote arobaini vikaondoka. Nilimshukuru Mungu kwa kumfanya mama achoke na safari ya mpakani kiasi cha kutoona.

Sasa, wenzangu wa dhehebu letu mnajua Pasaka yetu inaanzia wapi. Inaanzia makaburini, kabla jua halijatoka. Makaburi yamepakwa chokaa wiki nzima, misalaba myeupe, magugu yameng'olewa, na watu wanasimama katikati ya wafu wao wakisubiri mwanga ili waimbe kwamba amefufuka. Kuna mambo mengi ya utoto wangu ninayoyacheka, lakini ibada ile siicheki. Leo vijana wanakuja wameshika simu juu, wanajipiga picha na kaburi la babu yao nyuma, wanalalamika viatu vimeingia matope. Sisi tulisimama peku, tukitetemeka, na hakuna aliyethubutu kukohoa.

Mwaka ule kwaya ilisimama mbele, arobaini kwa bluu, vitambaa vyeupe kichwani, na hata mimi mwenye hatia nilishikwa na fahari. Walianza wimbo wa kwanza. Mvua ikaanza nayo, mvua ya Aprili, isiyo na radi, inayoshuka taratibu na kulowesha mpaka mifupa. Katika ubeti wa pili niliona mguu wa Mama Leya ukiwa na mstari wa bluu kutoka gotini hadi kisiginoni. Katika ubeti wa tatu wote walikuwa nao. Rangi ilitiririka miguuni, ikajaa mikononi, na walipojifuta mvua usoni ikaenda usoni. Waliendelea kuimba, kwa sababu wimbo wa pale haukatishwi. Wengine, kwa kusikia miguu inateleza, walishika misalaba ya makaburi. Mwanga ulipotoka, amefufuka kweli, na makaburi ya watu wa Tunduma yalikuwa na viganja vya bluu kila mahali, na familia moja tayari ilikuwa inauliza kwa sauti ni nani aliyemshika marehemu wao.

Watoto walicheka. Kisha watu wazima wakaanza kutazamana, na kutoka kwenye kutazamana wakaanza kumtafuta muuzaji. Hakuwa mgumu kuonekana. Mama alikuwa amesimama upande wa pili amevaa kitenge cha kiwandani, rijekti ya kahawia ya ule mwaka wa kahawia, kimelowa chote na hakijatoa hata tone la rangi. Katika umati ule mzima, nguo yake ndiyo iliyokuwa inamshitaki.

Mama Leya alimfuata baada ya baraka. Hakupiga kelele. Uso wake ulikuwa bluu mpaka kwenye nyusi, na alipouliza, sauti yake ile kubwa ilitoka ndogo. "Mama Enesi, ulijua?"

"Nilijua," mama alisema.

Nilikuwa nimesimama pembeni yake nimeshika mkono wake. Lilikuwa jambo la kusema maneno manne: ni mimi niliyekata nyuzi. Sikuyasema. Watu walitupisha njia, tukatembea mpaka nyumbani kwenye mvua, na mama akanipikia chai.

Siku ya Jumatatu ya Pasaka hatukutoka. Jumanne tulikwenda sokoni kufunga meza. Nilikuwa nimekwisha kuyakunja madaftari yangu. Na hapo, wenzangu, nikajifunza jambo kuhusu watu ambalo sijalisahau. Kabla hatujafunga mzigo wa kwanza alikuja mteja. Akaja mwingine. Walishika vitenge, wakacheka na mama, wakamtania. "Kumbe na wewe ni mwenzetu!" mmoja alisema, na alisema kwa upendo. Dada Zaina alimpiga bega akamwambia sasa amekuwa mtu wa Tunduma. Kufikia saa saba tulikuwa tumeuza kuliko miezi mitatu iliyotangulia. Walimkwepa alipokuwa anawaambia ukweli; walipomwona amewadanganya akina mama arobaini siku ya Bwana, wakaja kwa furaha. Mtu aliyewafanya wajione wadogo alikuwa ameshuka. Hata Mama Leya, ilipofika Krismasi, alikuja kununua kwetu, akabishana bei na kucheka, na viganja vyake vilikuwa vimeshatakata zamani.

Mama hakuchoma uzi tena. Meza ikawa kibanda, kibanda kikawa duka. Nilifanya mtihani wangu, nikafaulu, nikaenda sekondari, na kila likizo niliporudi nilimkuta amekaa kwenye kiti kizuri zaidi. Ila hakushika pindo tena. Alikuwa akikunja vitambaa kwa kiganja kilicho wazi, kidole gumba amekiinua juu. Jambo lile liliniuma kuliko viboko vyote nilivyowahi kuchapwa, na nililibeba kama kosa langu peke yangu kwa miaka mingi.

Nilikuja kumwambia mwaka alipoacha biashara, akarudi Ibaba kukaa na baba, ambaye alikuwa bado na ovaroli. Tulikuwa jikoni tunamenya viazi. Nilisema yote: wembe, mtaro, yale maneno manne niliyoyameza makaburini. Nililia. Mwanamke mzima, mwenye watoto, nalia na kisu mkononi. Mama aliendelea kumenya mpaka kiazi kikaisha.

"Enesi," alisema, "sindano inaacha tundu. Ulikata nyuzi, matundu hukuyakata. Niliyashika yote arobaini."

Nilimuuliza, mbona basi hukumwambia Mama Leya?

"Ulikuwa na mtihani," alisema, na akachukua kiazi kingine.

Nyinyi endeleeni kulaumu ruksa, mitumba, vitambaa vya nje, na yeyote mnayemtaka. Najua mkaguzi wa mwisho wa kiwanda chetu aliacha kazi mchana mmoja sokoni Tunduma, kwa hiari yake, akiwa na ujuzi wake wote, kwa ajili ya dawati langu. Elimu niliyoipata pale ndiyo inayoniwezesha kuandika haya kwa majivuno na dharau.

Duka ni langu sasa. Nauza vitenge vya sare za harusi, za misiba, za kwaya, na vijana wanaagiza mia kwa mara moja. Nilijiapiza baada ya siku ile ya viazi kwamba nitamwambia kila mteja, kwa mdomo, hata asipouliza. Nami nawaambia. Nawatazama usoni nasema hiki kinachuja. Zamani neno hilo lilitaka kutufukuza mjini. Leo wanacheka, wanatoa simu kunionyesha mshono wanaoutaka, na wananiambia, "Haina shida, mama, tunakivaa siku moja tu."